Tilapia Nyuma ya Kioo

Watu wa Kindu wanamjua tilapia vizuri, ila wanamjua kwa juu. Mvuvi aliyesimama mtumbwini huona mgongo wa kijivu ukipita chini ya maji ya Lualaba, na msimu wa mvua, maji yanapokuwa na rangi ya udongo, hata huo haonyeshwi. Mwenye bwawa huona midomo inayopasua uso wa maji anapotupa pumba. Sokoni samaki huonekana ubavu mzima, lakini pale ubavu haumwambii mtu kitu tena: mapezi yamekunjwa, jicho limefifia, na rangi zilizokuwa zikibadilika kwa dakika zimekwisha. Kwa hiyo mtu anaweza kula tilapia tangu utotoni, akaijua miiba yake yote kwa ulimi, asiwahi kuona hata mara moja jinsi dume anavyobadilika sura pale jirani anapovuka mpaka.

Mweke tilapia huyohuyo kwenye tangi la kioo lenye urefu wa mita moja na nusu, mahali ambapo jicho lake na jicho la mtu aliyeketi yanalingana. Baada ya wiki chache atakuwa na habari za kusimuliwa: anamwonea nani, anachimba wapi, analala upande gani, anamtambua nani kati ya wanaokuja na chakula.

Kufuga siklidi wakubwa kwa ajili ya kuwatazama tu, tena pamoja na mimea hai, ni mchezo wa Ujerumani, Marekani na Japani kuliko wa Maniema, jimbo la Kindu. (Siklidi ni jamii kubwa ya samaki ambayo tilapia ni mmoja wao.) Sababu ziko wazi. Kioo kinene hufika Kindu kwa shida, umeme ni wa kubahatisha, na mgeni atakayeingia sebuleni atauliza swali la haki kabisa: huyu ataliwa lini? Lakini ukiacha kioo na umeme, karibu kila kitu ambacho mfugaji wa Ulaya hununua kwa pesa nyingi kiko hapahapa bonde la Kongo: samaki, mimea, mchanga, magogo yaliyolainishwa na mto. Joto nalo lipo bure. Kindu iko karibu nyuzi tatu kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa kama mita 500, na wastani wa joto lake hukaa karibu na nyuzi 25 za Selsiasi mwaka mzima, ambazo ndizo siklidi wa Afrika wanazozitaka. Mfugaji wa Hamburg hulipa umeme miezi yote ya baridi ili maji ya tangi lake yafanane na maji ya ndoo iliyosahauliwa uani Kindu.

Kuna jambo jingine ambalo mkaaji wa Kindu anaweza kujivunia bila kuombwa. Sehemu ya maji yanayopita mbele ya mji wake, kati ya Kasuku upande mmoja na Alunguli ng'ambo, imetoka Ziwa Tanganyika. Mto Lukuga huyatoa ziwani pale Kalemie, huyapeleka magharibi na kuyamimina Lualaba kati ya Kabalo na Kongolo. Toka hapo yanashuka kupita Nyangwe hadi Kindu. Wazungu waligombana juu ya mto huo mdogo kwa miaka kadhaa. Msafiri Verney Lovett Cameron aliuona mdomo wake Mei 1874 akasema ziwa linatokea hapo. Msafiri mwenzake Stanley alipofika 1876 alikuta matete na tope, maji hayaendi popote, akaamua kwamba mto unaotoka bado haupo. Kufikia 1879 ulikuwa ukitoka kwa kishindo. Ziwa lilikuwa limepanda mpaka likajifungulia mlango.

Maji yalipita, ila samaki wengi hawakuyafuata. Tanganyika ina zaidi ya aina 200 za siklidi, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Wamezoea miamba, maji meupe yenye madini mengi na pH inayokaribia 9. Mto wa matope hauwafai. Ukoo mmoja ulithubutu zamani sana, ule wa Lamprologus, na leo una vizazi vyake katika mto Kongo, vidogo, vinavyojificha kati ya mawe. Mmoja wao, Lamprologus lethops wa Kongo ya chini, ameishi vilindini kiasi kwamba amepoteza macho na rangi. Huyo hafugiki, lakini ni vizuri kujua kwamba jamii inayofugwa vyumbani Ulaya ina ndugu kipofu chini ya maporomoko ya nchi hii.

Waliobaki ziwani ndio waliotajirisha watu. Mbelgiji Pierre Brichard alianza kusafirisha samaki hai wa mto Kongo akiwa Léopoldville (Kinshasa ya leo), kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 akahamia Bujumbura, akageukia siklidi wa Tanganyika. Kitabu chake kuhusu samaki wa ziwa hilo kilitoka 1978, na samaki kadhaa walipewa jina lake na wataalamu, wakiwemo Teleogramma brichardi wa mto na Neolamprologus brichardi wa ziwa. Katika mizigo ya ndege ya miaka hiyo na iliyofuata, mkubwa wa kupendwa alikuwa frontosa: samaki wa mistari myeupe na ya bluu-nyeusi, mwenye nundu ya paji inayokua kadiri anavyozeeka, anayeweza kupita sentimita 30. Mtaalamu wa samaki Boulenger alimwandika katika sayansi mwaka 1906. Frontosa wa Moba, mji wa Kongo kwenye ufuo wa magharibi wa ziwa, anathaminiwa kwa ubluu wake, na wauzaji wa ng'ambo bado humnadi kwa jina la Zaire, ambalo nchi yenyewe ililivua Mei 1997. Samaki wa Moba anaweza kufika Frankfurt akiwa hai ndani ya mfuko wa oksijeni. Kindu, iliyofikiwa na reli mwanzoni mwa miaka ya 1910, inaweza kutarajia kutoka ziwa hilohilo gunia la ndagala wakavu, treni ikitembea.

Basi mfugaji wa Kindu aanzie mtoni kwake na kwenye mabwawa ya jirani.

Hapo achague kwa makini, maana ukubwa ndio unaowapumbaza watu. Tilapia wa Nile, yule wa mabwawa, huuzwa akiwa kifaranga cha urefu wa kidole na huweza kupita sentimita 40. Hemichromis elongatus, mwenye madoa makubwa meusi ubavuni, ni mdogo kwa kimo, kama sentimita 20, lakini ni mwindaji, na akiwa na watoto hana suluhu na kiumbe chochote. Heterochromis multidens wa bonde la Kongo ni wa kustahiwa zaidi: hukaribia sentimita 30, na wataalamu wa jenetiki humweka kwenye shina lenyewe la siklidi wa Afrika, ndugu wa mbali wa wengine wote barani. Mtaalamu wa samaki Pellegrin alimwelezea mwaka 1900. Kwa rangi hana makuu. Mtu anayetaka tangi la kushangaza wageni atampita, na atakuwa amempita mzee wa ukoo.

Kuna mmoja wa kusahau moja kwa moja. Ziwani Tanganyika yuko kuhe, Boulengerochromis microlepis, siklidi mkubwa kuliko wote Afrika, ambaye huweza kufika sentimita 80. Hakuna sebule ya Kindu inayomtosha, wala ya Kinshasa.

Sasa mimea. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na ndipo jambo lenyewe linapoanza kuvutia, kwa sababu mtu aliyepanda bustani ndani ya maji atagundua mapema kwamba kuna mwingine anayejiona mwenye bustani.

Uharibifu ni wa namna mbili, na ni vyema kuzitenganisha, kwa sababu dawa ya moja haiponyi nyingine. Namna ya kwanza ni kula. Coptodon rendalli, ambaye vitabu vya zamani vilimwita Tilapia melanopleura, hula majani kwa ufundi wa mbuzi. Wabelgiji walimtumia kwa sifa hiyohiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1940, katika kituo cha Kipopo karibu na Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, walijaribu kumfuga bwawa moja na tilapia mwingine, macrochir: mmoja ale majani, mwenzake ale vijimea na masalia madogo. Mwanakijiji aliambiwa atupe bwawani majani ya muhogo. Yaani kile ambacho jikoni kinatwangwa kuwa sombe, bwawani kiligeuka kuwa nyama. Lilikuwa wazo la akili, na mabwawa ya aina hiyo yakaenea nchini kwa maelfu kabla ya uhuru. Lakini samaki aliyechaguliwa kwa kula majani hawezi kulaumiwa akiyala. Anayetaka mimea asimweke rendalli tangini, basi.

Namna ya pili ni kuchimba, na hiyo haina aliyesalimika nayo. Dume la tilapia wa Nile hutengeneza shimo la duara mchangani, hulisafisha, hulisimamia, na jike akivutiwa hutaga humo kisha huyabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Ndani ya tangi shimo hilo huangukia palepale mtu alipopanda kitu kizuri. Wengine hubeba mchanga kwa mdomo, kidogo kidogo, usiku kucha. Asubuhi mizizi iko wazi na mmea unaelea kwenye kona. Hakuna chuki ndani yake. Samaki ana mpango wa ardhi, na mmea umesimama kwenye mpango.

Kwa hiyo wafugaji wenye uzoefu hupanda mahali ambapo samaki hachimbi. Afrika yenyewe imetoa mmea wa kazi hiyo: anubiasi, jamii ya mayugwa, unaoota kingoni mwa vijito vya msituni vya Afrika ya magharibi na ya kati. Jani lake ni gumu, lina fuwele za kalsiamu oksaleti kama ndugu zake wengi, na samaki akilionja hulitema. La muhimu zaidi, hauhitaji mchanga. Shina lake la kutambaa hufungwa kwa uzi kwenye jiwe au gogo, mizizi ishike yenyewe; ukilifukia, linaoza. Kangaga ya maji iitwayo Bolbitis heudelotii hufungwa vivyo hivyo, nayo ni mwenyeji wa mito ya eneo hilo. Mimea hii miwili huuzwa Singapore na Amsterdam kwa bei ya vipande vya urefu wa kiganja, na haina papara: anubiasi hutoa jani jipya baada ya majuma kadhaa. Asiye na subira apande kitu kingine, halafu akipande tena.

Tanganyika yenyewe haina bustani nyingi chini ya maji. Miamba yake imefunikwa na ukoga. Lakini penye mchanga na maji tulivu huota valisneria, majani marefu kama utepe, na kwenye tangi mmea huo huishi ukizungushiwa mawe makubwa kuliko mdomo wa mchimbaji. Hiyo ndiyo kanuni ya mawe: lisiwe jiwe linalobebeka, na likae juu ya sakafu ya kioo lenyewe. Mchanga humwagwa baadaye kulizunguka. Jiwe lililowekwa juu ya mchanga huchimbwa chini yake, na likianguka litavunja kioo au mgongo wa samaki.

Juu ya maji hali ni nyepesi. Pistia, ile saladi ya maji inayoelea kwenye vidimbwi vya Kongo, huongezeka haraka kuliko samaki wanavyotafuna mizizi yake, huleta kivuli, na hunyonya amonia inayotokana na taka za samaki na mabaki ya chakula. Kama mfugaji wa Kindu ataweka mmea mmoja tu, huo ndio wa kuanza nao, ingawa picha za majarida ya ng'ambo hazionyeshi hivyo. Majarida hayo hupenda bustani iliyonyooshwa. Siklidi wakubwa hawajawahi kuyasoma.

Kuwaweka pamoja ni mtihani mwingine. Siklidi hulea. Wengine hulinda mayai kwenye jiwe, wawili wawili, na kuongoza kundi la watoto kwa majuma. Wengine huwafungia watoto mdomoni na kufunga kula. Anayelea ana kitu cha kulinda, na ugomvi wao mwingi huanzia hapo. Mkaaji yeyote wa Kindu anayejua kesi za mipaka ya parseli, uzio uliosogezwa usiku, mwembe ulioota katikati ya viwanja viwili, atauelewa mgogoro wa tangi bila mkalimani. Tofauti ni kwamba tangini hakuna chifu isipokuwa yule mwenye ndoo.

Konrad Lorenz, Mwaustria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, aliandika juu ya hili katika kitabu chake cha 1963 kuhusu ugomvi wa wanyama. Alikuwa na tangi kubwa lililokatwa katikati kwa kioo, jozi moja ya siklidi kila upande. Kila dume lilimaliza hasira zake kwa jirani wa ng'ambo, na ndani ya ndoa palikuwa na amani. Kioo cha katikati kilipoota ukoga na majirani wakaacha kuonana, madume yalianza kuwakorofisha wake zao. Kioo kikisafishwa, vita vya mpakani vilirudi na nyumbani pakatulia. Nadharia ya Lorenz kwamba hasira hujikusanya ndani ya mnyama mpaka imwagike imepingwa sana tangu hapo, na kwa haki. Lakini tukio lenyewe wafugaji hulishuhudia mara kwa mara, na jozi iliyobaki peke yake tangini mara nyingi huishia na jike lililojibanza nyuma ya chujio, mkia umechanika.

Chuo Kikuu cha Stanford kilikwenda mbali zaidi, na samaki wake ni mwenyeji wa huku: Astatotilapia burtoni, wa Ziwa Tanganyika na mito iliyo jirani, aliyepewa jina la Richard Burton, msafiri aliyefika ziwani na mwenzake Speke mwaka 1858. Si mkubwa, ila ana siasa. Dume lenye eneo huvaa rangi kali na mstari mweusi machoni; likinyang'anywa eneo, rangi hufifia kwa dakika chache. Mwaka 2007, Logan Grosenick, Tricia Clement na Russell Fernald walichapisha katika jarida la Nature jaribio la kupendeza. Samaki aliwekwa nyuma ya kioo atazame madume matano yakipigana mawili mawili: A alimshinda B, B akamshinda C, C akamshinda D, D akamshinda E. Hakumwona B akipigana na D. Alipowekewa hao wawili, alisogea upande wa D, aliye dhaifu zaidi. Alikuwa amepanga ngazi yote kichwani kwa kutazama tu.

Mtu akishajua hilo, tangi hubadilika mbele yake. Samaki aliyetulia kwenye kona, asiyegusana na yeyote, anahesabu. Ugomvi unaotokea upande wa kushoto una watazamaji upande wa kulia, na matokeo yake yataamua nani atakula kwanza jioni. Magogo na mimea mirefu vina kazi zaidi ya urembo: hukata mtazamo. Wasioonana hawapimani. Tangi refu lililogawanywa na gogo kubwa lenye anubiasi huwa maeneo mawili kwa jicho la samaki hata kama maji ni yaleyale, na hii ndiyo sababu ya maana zaidi ya kupanda mimea katika tangi la siklidi wakubwa. Uzuri unakuja kama nyongeza.

Wapo wanaofuata njia ya kinyume. Hujaza samaki wengi mno, wa kimo kimoja, katika tangi tupu lenye mawe machache, ili asiwepo atakayemudu kushika eneo na mapigo yagawanyike kwa wengi asiumie mmoja. Wafugaji wa siklidi wadogo wa Ziwa Malawi hufanya hivyo sana, na njia hiyo hufanya kazi madhali chujio ni kubwa na umeme haukatiki. Kwa Kindu ni ushauri mbaya. Umeme ukilala saa sita, bakteria wa kwenye chujio, wanaogeuza amonia kuwa naitriti kisha naitreti, hukosa hewa; mimea, ambayo mchana hutoa oksijeni, usiku huitumia pamoja na samaki; na kufikia alfajiri tangi lililojaa huwa na midomo juu ya maji kama bwawa lililolishwa kupita kiasi. Walio wachache hustahimili. Paneli ndogo ya jua, betri na pampu ya hewa ya volti 12 vinaweza kuokoa usiku, na mashine ya aina hiyo inafaa kununuliwa kabla ya taa yoyote ya urembo.

Hesabu ya uzito nayo isirukwe. Tangi la sentimita 150 kwa 50 kwa 60 hubeba lita 450, ambazo ni kilo 450 za maji. Ukiongeza kioo, mchanga na mawe umepita nusu tani, juu ya sakafu ambayo pengine ilimwagwa kwa saruji ya kubana matumizi. Njia ya nafuu ni kujenga birika la matofali na saruji na kuweka kioo upande mmoja tu. Birika jipya lijazwe na kumwagwa mara kadhaa kabla ya samaki, kwa sababu saruji changa hupandisha pH sana. Maji ya mvua huwafaa samaki wa msituni ingawa hayana madini ya kutosha kushikilia pH. Maji ya bomba yenye klorini hulazwa kwenye ndoo kwanza. Mwenye kupata frontosa siku moja ataongeza mawe ya chokaa na kuwaweka dume moja kwa majike kadhaa, na hapo atashangaa: samaki huyo mkubwa wa vilindi ni mpole na mzito, huning'inia majini kwa saa nyingi bila kufanya kitu, na ziwani hupata mlo wake kwa kuwavizia samaki wadogo mwanga ukiwa hafifu. Siklidi wadogo ndio watakaomchosha mfugaji.

Kuna kosa ambalo halisameheki hata kama samaki wote wamekufa: kumwaga tangi mtoni. Gugu maji, lenye maua ya zambarau, lilisambazwa duniani kutoka Amerika ya Kusini na watu waliolipenda kwa urembo wa madimbwi yao, na katika miaka ya 1950 lilienea mto Kongo kiasi cha kuzuia vyombo, serikali ya kikoloni ikalinyunyizia sumu bila kulimaliza. Lualaba ina samaki wake ambao bado hawajaandikwa vizuri. Samaki wa Amerika aliyenunuliwa dukani Kinshasa, au mmea wa Asia uliokuja na mzigo, haufai kuonja maji yake.

Na yupo yule aliyekua kupita tangi. Ulaya jambo hili ni balaa la kweli: dume la sentimita 40 limewaua wenzake, duka halilitaki, na hifadhi za wanyama zimechoka kupokea simu. Kindu ina jibu, na mgeni aliyeuliza swali lake mwanzoni atafurahi kulisikia. Tilapia wa Nile aliyelishwa pumba na pistia ni tilapia wa kawaida, ana ladha ya tilapia. Ila mwenye nyumba akumbuke alichomtibia. Kijani cha malakaiti, dawa ya ukungu inayopatikana kwa wingi katika chupa za maduka ya samaki wa urembo, imepigwa marufuku Ulaya na Marekani kwa samaki wa kuliwa kwa sababu mabaki yake hukaa mwilini, na samaki aliyewahi kuogeshwa humo hata mara moja abaki nyuma ya kioo, awatese wenzake mpaka afe mwenyewe.